Zile Livre 300 Hazikulipwa

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wa mhasibu, katika ofisi moja ya hapa mjini ambayo sina haja ya kuitaja, nikisubiri malipo ya onyesho ambalo kikundi chetu kilikuwa kimelimaliza zamani. Mhasibu yupo kikaoni, niliambiwa. Simu ilikuwa na chaji na bando lilikuwepo, kwa hiyo nikafungua daftari la mapato la mwigizaji mmoja wa Ufaransa wa karne ya 17.

Mwenye daftari anaitwa Charles Varlet, ila jukwaani alijulikana kama La Grange. Alijiunga na kundi la Molière, mwigizaji na mwandishi wa michezo ya kuchekesha, wakati wa Pasaka ya mwaka 1659. Daftari lake linakupitisha siku kwa siku: mchezo gani ulichezwa, mlangoni kulipatikana kiasi gani, kila mwenye fungu aliondoka na nini. Kurasa za mwanzo anaeleza kwamba mdogo wake mfalme Louis XIV, aliyeitwa Monsieur tu kwa heshima ya cheo chake, alilipatia kundi hilo jina lake na kumwahidi kila mwigizaji livre 300, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, kwa mwaka.

Kisha anaongeza maelezo mafupi: zile livre 300 hazikulipwa.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akageuka kunitazama.

Wiki zimepita na sentensi ile haijanitoka kichwani. Nilianza kuipenda kwa sababu ya utani wake, maana nani katika kazi hii hajawahi kuahidiwa? Baadaye ikageuka swali. Kundi hili lilianza 1643, likapoteza kumbi, wafadhili, hata mji wenyewe, na bado miaka 30 baadaye lilikuwa jukwaani. Sisi huku vikundi vinavunjika kwa ugomvi wa posho ya nauli. Wenzetu walishikamanishwa na nini?

Deni la mishumaa

Tarehe 30 Juni 1643 watu kumi walitia saini mkataba mjini Paris. Jean-Baptiste Poquelin, ambaye mwaka uliofuata angeanza kujiita Molière, alikuwa na miaka 21 na alikwisha kuiacha nafasi aliyowekewa na baba yake, ya kutunza samani na mapambo ya nyumba ya mfalme. Lakini ukiniuliza mimi, mwenye kundi alikuwa Madeleine Béjart, miaka 25, ambaye tayari alikuwa na jina kama mwigizaji. Katika mkataba ule wanaume watatu wanatakiwa kupokezana nafasi za shujaa. Madeleine amepewa haki ya kuchagua nafasi anayoitaka.

Wakajiita Illustre Théâtre, jina la watu ambao bado hawajaona mapato ya siku ya kwanza.

Walipanga ukumbi wa mchezo wa mpira, ule uliozaa tenisi, kwa sababu kumbi hizo ndefu na nyembamba ndizo zilizogeuzwa kuwa majukwaa wakati huo. Kabla ya kufungua waliingia mkataba na fundi wa kutandaza mawe, Léonard Aubry, atengeneze njia mbele ya mlango ili magari ya farasi ya watu wakubwa yasikwame kwenye tope. Walifungua tarehe 1 Januari 1644. Njia ilikuwa tayari. Magari ndiyo yaliyokuwa machache.

Mwisho wa mwaka wakahamia ukumbi mwingine, wakakopa, wakakopa tena. Agosti 1645 Molière alitiwa gerezani Châtelet. Mmoja wa waliomdai alikuwa mwuza mishumaa, Antoine Fausser, aliyekuwa akidai livre 142. Ukumbi uliofungwa pande zote hauwezi kuonyesha kitu bila mishumaa, kwa hiyo mwanga ulikuwa gharama ya kila onyesho, watu wawe wamejaa au wawe watano.

Aliyemdhamini akatoka ni Aubry. Fundi wa mawe.

Nimekaa sana na habari ya Aubry. Wanahistoria wanampitia haraka kwa sababu mbele yao yupo Molière, lakini mimi naona hapo ndipo pa kusimama. Huyu hakuwa mtu wa jukwaa. Alijua hesabu za wale vijana kuliko mtu yeyote mwenye akili timamu angetaka kuzijua, na bado akaweka jina lake. Sijui tulisifu kundi au tumsifu yeye.

Wengi wa wale kumi wakaenda zao. Sasa, hilo ndilo jaribio la kwanza, na kundi lilifeli. Ni lazima nilikiri hilo kabla ya kuanza kuwapamba. Walipobaki na kitu kimoja tu cha kugawana, yaani deni, waliobaki pamoja walikuwa ndugu wa Béjart na Molière.

Miaka ya barabarani

Habari ya miaka iliyofuata hupendwa sana: Molière anatembea mikoani miaka 13 na mikokoteni, anajifunza kuchekesha wakulima, anarudi Paris akiwa bingwa. Nimeisikia ikisimuliwa hivyo hata kwenye warsha zetu. Inapendeza. Nadhani inatudanganya katika mambo mawili.

La kwanza, hawakuondoka kama kundi lao. Waliingia katika kundi la Charles Dufresne, mwigizaji mzoefu aliyekuwa chini ya ulinzi wa Duke wa Épernon, gavana wa Guyenne kule kusini-magharibi. Waliofilisika Paris waliajiriwa na waliokwisha kuijua barabara.

La pili, hawakuwa wakichekesha tu. Mikoani walicheza tanzia, yaani michezo mizito ya huzuni, kwa wingi, za mwandishi Corneille hasa, na Molière mwenyewe alitaka kuonekana katika tanzia kwa muda mrefu kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Barua za mkono wa Molière hazikubaki. Hakuna hata muswada mmoja. Njia yao inafuatwa kwa karatasi za wengine: maamuzi ya mabaraza ya miji, hati za ndoa, na vitabu vya ubatizo, kwa sababu waigizaji walizaa njiani na kusimamiana ubatizo wa watoto. Karani wa Nantes mwaka 1648 aliandika jina lake vibaya, Morlierre. Huyo ndiye Molière wa barabarani: jina geni ambalo karani hajali kulipatia herufi zake.

Karatasi hizo zinasema nini? Zinasema habari ya ruhusa na malipo. Mwaka 1647 mji wa Albi uliwaita kwa sherehe ya kumpokea mtu mkubwa, ukaahidi livre 600 na usafiri wa mizigo, kisha ukaanza kusitasita. Ikabidi mkuu wa serikali katika jimbo, Comte de Breteuil, awaandikie viongozi wa mji kwamba hawa ni watu waaminifu na wasanii wazuri, walipwe. Walipewa 500. Nantes waliambiwa wasubiri kwa sababu gavana anaumwa, na walipokubaliwa mapato ya siku moja yakatakiwa kwenda hospitali. Poitiers mwaka 1649 waliomba kuja, wakajibiwa kwamba hali ni ngumu na nafaka ni ghali.

Nimeyasoma haya nikiwa naijua vizuri harufu ya koridoni.

Épernon alipopoteza ugavana wake wa Guyenne, wakatafuta mlango mwingine. Walifanya Lyon kuwa kituo chao, na huko mwaka 1653 kundi likampata binti mmoja, Marquise-Thérèse de Gorla, aliyeolewa na mwigizaji mwenzao René Berthelot, Du Parc kwa jina la jukwaani. Mwaka huohuo ukaja mlango mkubwa: Prince wa Conti, mtu wa ukoo wa kifalme, aliyekuwa na makazi karibu na Pézenas katika Languedoc.

Jinsi walivyompata Conti tunasimuliwa na Daniel de Cosnac, padri aliyekuwa katika nyumba yake. Cosnac ndiye aliyewaita. Walipokuwa njiani, kundi jingine la mtu aitwaye Cormier likatangulia kufika, na Cormier akamletea zawadi hawara wa Conti, Madame de Calvimont. Conti akaamua kubaki na Cormier, na hata gharama za safari za kina Molière akakataa kuzilipa. Cosnac kwa aibu akawa tayari kutoa ekyu 1,000, sarafu za wakati ule, za mfuko wake wacheze mjini. Hatimaye wakaruhusiwa kucheza kwenye ngome. Bibi hakupendezwa. Bahati yao katibu wa Conti, mshairi Sarrasin, alikuwa amempenda Mademoiselle Du Parc, akawapigia debe mpaka Cormier akaondolewa.

Hivyo ndivyo ufadhili uliobadilisha historia ya maigizo ya Kifaransa ulivyopatikana. Hakuna aliyejaza fomu.

Miaka mitatu ile ilikuwa ya neema. Mwanamuziki mmoja mzururaji, Dassoucy, aliwakuta Lyon mwaka 1655, akafuatana nao kwa mashua chini ya mto Rhône mpaka Avignon na baadaye Pézenas, akakaa nao miezi wakimlisha kama ndugu. Ameandika kuhusu wingi wa vyakula mezani. Napenda ushahidi wa mgeni mwenye njaa. Hana sababu ya kuficha kama sufuria lilikuwa tupu.

Kisha Conti akaokoka. Sina namna nyingine ya kulisema. Aligeukia dini kwa ukali, na Mei 1657 akiwa Lyon akaandika kwamba wapo hapa waigizaji waliokuwa wakitumia jina lake zamani, amewatuma watu wawaambie waache kulitumia, na bila shaka hakwenda kuwatazama. Kitabu chake cha kulaani maigizo kilitoka mwaka 1666, mwaka aliokufa.

Kuna wanaosema Tartuffe, mnafiki wa dini katika mchezo wa Molière wa 1664, ana kitu cha Conti ndani yake. Huenda. Mimi linalonigusa ni dogo zaidi: mtu aliyewafahamu kwa majina, aliyekula na kucheka nao, hakuweza hata kupita kuwasalimu.

Mchezo uliopotea

Tarehe 24 Oktoba 1658 walicheza katika kasri la Louvre, Paris, mbele ya Louis XIV, aliyekuwa na miaka 20. Walichagua tanzia ya Corneille, Nicomède. Waliokaa wakiwatazama walikuwa pamoja na waigizaji wa Hôtel de Bourgogne, mabingwa wa tanzia wa Paris. Ujasiri au upumbavu, sijaamua.

Tanzia ilipokwisha Molière alisogea mbele, akamshukuru mfalme, akakiri kwamba Mfalme tayari ana waigizaji bora kuliko wao, akaomba ruhusa ya kuonyesha moja ya vile vichekesho vidogo walivyokuwa wakiwapumbazia watu wa mikoani. Kikachezwa Le Docteur amoureux. Mfalme akacheka. Wakapewa kushiriki ukumbi wa Petit-Bourbon na kundi la Waitalia la mwigizaji Scaramouche. Wakawalipa Waitalia livre 1,500 na kukubali siku walizobakiziwa, ambazo hazikuwa siku nzuri za juma.

Kile kichekesho hakipo. Maandishi yake hayakubaki. Kitu kilichowafungulia Paris kilikuwa kitu cha barabarani, pengine hakikuandikwa vizuri hata siku ile, na kiliwekwa mwisho, baada ya tanzia waliyodhani ndiyo ingewabeba.

Kuta

Sasa nifike mahali palipoanza kunisumbua kuliko pote.

Tarehe 11 Oktoba 1660 Petit-Bourbon ilianza kubomolewa. Hakuna aliyewaambia. Msimamizi wa majengo ya mfalme, Ratabon, alikuwa akitaka nafasi ya kupanua Louvre, na kundi lililokuwa likijaza ukumbi tangu kichekesho cha Molière, Les Précieuses ridicules, cha Novemba 1659 likajikuta nje. Walilalamika. Mfalme akawapa ukumbi wa Palais-Royal, uliojengwa na Kardinali Richelieu, ambao La Grange anasema ulikuwa na boriti tatu zilizooza na nusu yake haina paa. Waliomba wachukue angalau vyumba vya watazamaji na mapambo ya jukwaa ya ukumbi wa zamani. Vyumba wakapata. Mapambo yalizuiwa na fundi wa mitambo, Vigarani, aliyedai kuyatumia katika kasri la Tuileries, kisha akayachoma moto, isibaki alama ya fundi aliyemtangulia, Torelli.

Miezi mitatu bila ukumbi. Walizunguka kwenye nyumba za wakubwa kucheza kwa mwaliko. Na makundi mawili ya mjini, Hôtel de Bourgogne na Marais, yakaanza kuwanong'oneza mmojammoja: njoo kwetu, kuna fungu lako.

Hakuondoka mtu.

La Grange anaandika kwamba waigizaji wote walimpenda Molière kiongozi wao, ambaye pamoja na uwezo wake mkubwa alikuwa mtu mwadilifu na mwenye kuwatendea vyema, nao wakamwahidi kufuata bahati yake na kutomwacha hata wangeahidiwa nini.

Ni maneno mazuri kuliko yote katika daftari lile. Niliyasoma mara nyingi, na kila nikiyasoma nilikuwa nikijiuliza kama nayaamini.

Maana akina Du Parc wenyewe walikuwa wameondoka Pasaka ya 1659 kwenda Marais na kurudi mwaka mmoja tu baadaye. Mapenzi kwa kiongozi yalikuwepo bila shaka, lakini mapenzi peke yake hayaelezi kwa nini mtu mwenye watoto akatae mshahara wa uhakika akasubiri boriti zilizooza zibadilishwe. Vikundi vyetu vingi navyo vina kiongozi anayependwa. Vinakufa naye akiwa hai.

Fungu

Kundi lile halikuwa na mwajiri. Baada ya onyesho zilitolewa gharama za siku, mishumaa, walinzi wa mlangoni, matangazo na nyinginezo, na kilichobaki kikagawanywa kwa mafungu. Mwenye fungu zima alipata fungu zima, mwenye nusu alipata nusu. Wanawake walikuwa na mafungu yao. Siku ya mapato madogo kila mmoja alijua ni madogo kiasi gani, na siku ukumbi ulipojaa kila mmoja alijua pia. Tarehe 5 Februari 1669, Tartuffe iliporuhusiwa baada ya miaka mitano ya kupigwa vita, zilipatikana livre 2,860. Hakuna aliyehitaji kukisia.

Mfano huu si wao waliouvumbua. Ndivyo makundi ya wakati huo yalivyofanya kazi. Ila hawa walikaa nao wakiwa njiani mpaka ukawa tabia, na mimi nadhani hiyo ndiyo shule ya barabarani. Sanaa ya kuchekesha ungeweza kujifunza kwa Waitalia wa Paris bila kutembea hatua moja.

Ona walivyotumia fungu kama sheria. Pasaka ya 1661 Molière, kiongozi, mwandishi, nyota wa mapato, alitaka mafungu mawili badala ya moja, moja la ziada likiwa lake au la mke wake endapo angeoa. Aliomba. Kundi likakubali, La Grange akaandika. Desemba 1665 kijana Jean Racine aliwapa tamthilia yake ya Alexandre, na haijapita wiki mbili wakagundua kwamba ameipeleka pia kwa mahasimu wao wa Hôtel de Bourgogne, wanaicheza. Hawakwenda kupigana. Waliamua kwamba mwandishi wa namna hiyo hadaiwi mafungu ya mwandishi, basi.

Agosti 1667 Tartuffe ilipopigwa marufuku tena siku moja tu baada ya kuonyeshwa, La Grange na mwigizaji mwenzake La Thorillière walipanda farasi mpaka kwenye kambi ya mfalme mbele ya Lille, vitani, kupeleka malalamiko. Safari ile iligharimu kundi livre 1,000. Siyo Molière. Kundi. Kila mmoja alilipia mchezo ule kwa mkate wake, na jukwaa lilifungwa wiki saba.

Na Pasaka ya 1670 Louis Béjart, mdogo wake Madeleine, aliyekuwa akichechemea, aliomba kupumzika. Wakamwandikia pensheni ya livre 1,000 kwa mwaka. La Grange anasema ndiyo ya kwanza katika kundi lao. Hapo niliweka simu chini. Katika miaka yangu yote ya maigizo nimeona tukimchangia mwenzetu aliyelazwa, nimeona tukichangia misiba. Sijawahi kuona kikundi kikimwambia mtu aliyechoka: pumzika, fungu lako litakufuata nyumbani.

Wasomaji wa Kiswahili wa umri fulani tulimjua Molière kupitia tafsiri za A. Morrison: Tabibu Asiyependa Utabibu ya mwaka 1945, kisha Mchuuzi Mwungwana ya 1961. Jina tulilobaki nalo ni moja. Lakini ile michezo iliandikwa kwa miili ya watu maalumu: kijakazi anayejibu kwa kiburi ni kwa sababu yupo Madeleine, mtumishi anayechechemea katika mchezo wa L'Avare ni kwa sababu yupo Louis.

Bila yeye

Madeleine alikufa tarehe 17 Februari 1672. Kanisa halikuwazika waigizaji mpaka waikane kazi yao. Aliikana kwa maandishi kitandani, akazikwa. Mwaka mmoja kamili baadaye, 17 Februari 1673, Molière alicheza Le Malade imaginaire kwa mara ya nne, akashikwa na kikohozi kikali, akafa usiku huo nyumbani kwake mtaa wa Richelieu. Yeye hakuwahi kuikana. Mjane wake, Armande, alilazimika kwenda kumwomba mfalme, na askofu mkuu akaruhusu mazishi ya usiku bila ibada kubwa.

Mwandishi wa maisha yake, Grimarest, amesimulia kwamba siku ile alisihiwa asicheze, akajibu kuwa wapo wafanyakazi 50 wanaoishi kwa ujira wa siku, watakula nini? Grimarest aliandika mwaka 1705, na wataalamu hawamwamini sana. Mimi kwa hili namwachia.

Tarehe 24, wiki moja tu baada ya kifo, walicheza tena.

Nilitaka hadithi iishie hapo kwa ushindi wa mafungu. Haikukubali. Ilipofika Pasaka, wakati wa kufunga msimu na kujipanga upya, Baron kijana aliyelelewa na Molière, La Thorillière aliyepanda farasi mpaka Lille, na mume na mke Beauval waliondoka kwenda Hôtel de Bourgogne. Mwezi huohuo mfalme akawanyang'anya Palais-Royal akampa Lully, mtu wa opera. Kwa hiyo mapenzi yale ya 1660 hayakuwa maneno matupu: aliyependwa alipoondoka, wengine nao waliondoka.

Ila si wote. Armande na La Grange walinunua ukumbi wa Guénégaud, wakaunganishwa na mabaki ya kundi la Marais, wakafungua tarehe 9 Julai 1673. Na Tartuffe.

Mweka hazina wetu

Nilimsomea mweka hazina wa kikundi chetu rasimu ya makala haya, maana yeye ndiye hasa niliyekuwa nikimwandikia. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kaka, huyo La Grange ni mtunza daftari. Mtunza daftari akikwambia watu wote walipendana, waulize waliohama."

Nilibisha. Baadaye nikasoma zaidi na kukuta ana hoja. Watafiti wanaona kwamba sehemu za daftari la La Grange hazikuandikwa siku ile ile. Alinakili na kupanga baadaye, akijua tayari nani angebaki na nani angeondoka. Vitabu vya hesabu vya kila siku vilikuwa vingine, na vichache vimesalia, vya La Thorillière wa 1663 hadi 1665 na cha mwigizaji mwingine, Hubert, cha msimu wa 1672 hadi 1673. Humo hamna mapenzi. Mna mishumaa.

Kwa hiyo wale waliohama tuwaulizeje? Historia iliwajibu kwa njia ya ajabu. Julai 1680 La Thorillière alikufa akiwa Hôtel de Bourgogne, kundi lake likayumba, na mfalme akaamuru makundi mawili ya Paris yaunganishwe kuwa moja. Hiyo ndiyo Comédie-Française, ambayo ipo mpaka leo na waigizaji wake wakuu bado ni wanahisa wanaogawana. Orodha ya Oktoba mwaka huo ina majina 27. La Grange yumo, Armande yumo, na humohumo wamo Baron na akina Beauval, waliowakimbia miaka saba iliyopita, kila mmoja na fungu lake.

Walicheza pamoja kwa mara ya kwanza tarehe 25 Agosti 1680. Mchezo ulikuwa Phèdre, wa yuleyule Racine waliyemnyima mafungu.